Fuko saba kwenye robo tatu ya ekari

Siku niliyoona sasa basi, nilikuwa nimechuchumaa kwenye tuta la karoti nikipalilia. Majani ya karoti moja mbele yangu yakatikisika, na upepo haukuwepo. Yakatikisika tena, kisha yakazama ardhini taratibu, kama kuna mtu chini anavuta. Nikabaki na kijembe mkononi nikitazama tundu.

Shamba lenyewe tuliachiwa na baba, miteremko ya Mlima Meru. Udongo wa huku ni mweusi na mwepesi, na fuko anaufurahia kuliko mimi. Wiki mbili kabla ya hapo nilisukuma mgomba wenye mkungu kwa mkono mmoja, ukalala. Mizizi yote ilikuwa imetafunwa. Mabingobingo ya ng'ombe nayo yalikuwa yakinyauka shina moja moja.

Nilimwaga maji shimoni, ndoo kumi na tatu, ardhi ikayanywa. Nikafukiza pilipili na samadi kavu. Aliyekohoa ni mimi. Mwisho nikanunua sumu ya panya, nikaipaka kwenye viazi na kuvipenyeza ndani. Kesho yake viazi vilikuwa vimesukumwa nje pamoja na udongo, na mbwa wangu anavinusa. Sumu sijaigusa tena.

Jirani ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja anayetega kwa malipo, shilingi elfu tatu kwa kila fuko. Alikuja saa tatu asubuhi na kiroba begani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeshatia moshi?"

Nikakiri.

"Na maji?"

"Na maji pia."

"Vijana mna nguvu," akasema, akaanza kazi.

Hakuhangaika na vilima vikubwa vilivyokauka. Alitafuta udongo uliotoka siku hiyo, bado una unyevu, akawa anachoma ardhi pembeni yake kwa kijiti kirefu mpaka kikadidimia ghafla. Njia ilikuwa hapo, shubiri moja na nusu kwenda chini. Akaifungua kwa panga, akaniambia nitie mkono. Kuta zilikuwa laini kama chungu kilichosuguliwa.

"Huyu hapendi mlango wazi," alisema. "Mwanga na upepo vikiingia, lazima aje kuziba. Humtafuti. Unamngoja hapo."

Fimbo ndefu inayonepa ilichomekwa ardhini, ikapindwa. Kwenye ncha yake alifunga waya wa breki ya baiskeli. Kitanzi cha waya kikashuka kupitia tundu dogo juu ya njia na kulala kwenye kuta zake. Kilichozuia fimbo isifyatuke ni kijiti kifupi, na kijiti hicho kilishikwa na uzi wa mgomba uliokatiza katikati ya njia. Fuko anakuja anasukuma udongo, anakutana na uzi, anaukata. Meno yake ya mbele, yenye rangi ya chungwa, yako nje ya midomo na ndiyo jembe lake. Uzi ukikatika, fimbo inaruka na kitanzi kinambana juu.

Wanne wa kwanza aliwanasa yeye. Nilipojaribu mwenyewe nilifunika kila kitu vizuri, kumbe nimemfanyia fuko kazi yake: hewa haikuingia, siku mbili hakuja. Nikaacha wazi. Safari hii akaja, ila kwa upande ambao sikutega, akazika waya wangu wote kwa udongo. Sasa natega pande zote mbili, kwa sababu ukishaikata njia hujui mwenyewe yuko wapi. Na natega asubuhi, maana wengi hufanya kazi kuanzia saa nne hivi mpaka jioni. Nakagua mara kwa mara. Mmoja nilimkuta amenaswa kiunoni, bado hai, nikalazimika kummaliza kwa mpini wa jembe. Hilo sikulipenda hata kidogo.

Jambo jingine lililonichelewesha ni mashimo matupu. Fuko huishi peke yake, labda awe mama mwenye watoto, kwa hiyo kila mtandao wa njia una mwenyewe. Ukimtoa bila kubomoa, mwingine anahamia. Njia ya kwanza kabisa ilipata mpangaji mpya ndani ya wiki mbili, nikaanza kumshuku mzee kwamba anawaleta usiku ndani ya kiroba. Nilipomwambia alicheka mpaka akakaa chini. Siku hizi nikishanasa nafukua njia yote mpaka kwenye kiota, halafu naikanyaga.

Wa saba nilimnasa mwenyewe, chini ya mgomba wa mwisho kabla ya uzio. Mzee alikuwa anapita, nikamwonyesha kwa majivuno.

"Huyu wa nani?"

"Wangu, mzee. Nimetega mwenyewe."

Akauinua waya, akaugeuza geuza.

"Na waya wa nani?"

Nikatoa elfu tatu yake.