Barua ya siku ya mwisho

Mwezi uliopita mawe ya figo yalinishika. Aliyewahi kuyaugua hahitaji maelezo. Usiku kucha nilijikunja sakafuni, na katika maisha yangu yote sikuweza kukumbuka hata jambo moja jema.

Ndiyo maana barua ya Epicurus hainitoki akilini. Mwanafalsafa huyu Mgiriki alifia Athens karibu mwaka 270 kabla ya Kristo, mkojo wake ukiwa umezibwa na jiwe, baada ya kuugua siku 14. Siku ile ya mwisho alimwandikia rafiki yake Idomeneus. Hakuficha kitu: mkojo hautoki, tumbo linamsokota, na maumivu yamefika ukomo wake. Hata hivyo aliiita siku ya heri, kwa sababu moyo ulifurahi kila alipokumbuka mazungumzo yao ya zamani.

Mwanzoni sikumwamini. Nimeisoma tena na tena wiki hii, na sasa naona kwamba hasemi popote kuwa maumivu yaliondoka. Yalibaki, na furaha nayo ikabaki, vikikabiliana ndani ya mwili mmoja.

Lakini furaha ile hakuiokota siku ya kufa. Kwa zaidi ya miaka 30 alikuwa ameishi na marafiki katika bustani yake, wanawake na watumwa wakiwemo, wakila mkate na kunywa maji. Huniuma kusikia jina lake likihusishwa na ulafi, mtu aliyeomba aletewe chungu cha jibini ili siku akitaka karamu awe nayo! Na jemadari Demetrius alipouzingira mji wa Athens, njaa ikawabana watu, mwandishi wa kale Plutarch anasimulia kuwa Epicurus aliwahesabia wenzake maharage, punje kwa punje, ndivyo walivyovuka. Nadhani hata punje zile zilimjia siku ya mwisho.

Barua inamalizia kwa ombi: Idomeneus awatunze watoto wa Metrodorus, rafiki yao aliyetangulia kufa.

Nimejiuliza mimi ningemwandikia nani. Jina lilikuja upesi, na likaniumiza, kwa kuwa miaka miwili sasa tunatumiana salamu za Idi tu. Nimempigia jioni hii. Tumeongea mpaka salio likaisha, akanipigia yeye. Anakuja Jumamosi. Nimemwambia asibebe kitu, chai ipo na mkate upo.