Spika zilezile, taarab na singeli

Nyumbani kwetu Temeke mama anasikiliza taarab asilia na mdogo wangu anasikiliza singeli, wote kwa spika zilezile mbili za mtumba na sabufa yake. Mama alilalamika, "Mwanangu, fidla zinamezwa." Mdogo wangu yeye alitaka besi izidi. Nikaamua kutafuta njia ya kuwaridhisha wote bila kununua seti nyingine.

Nilianza na rekodi za Siti binti Saad, zile zilizoanza kurekodiwa Bombay mwaka 1928. Ni mono, maana yake spika zote mbili zinatoa sauti moja. Ukikaa katikati, mwimbaji lazima asikike yuko mbele yako kabisa. Kwetu sauti ilitapakaa, hujui inatokea upande gani. Dalili hiyo ni ya waya: nyekundu na nyeusi zimepishana kwenye spika moja, koni (ule utando wa spika unaotikisika) ya spika hii inasukuma wakati ya ile inavuta, na besi zinauana. Nikafungua maboksi, nikakuta kweli moja limeungwa kinyume ndani. Baada ya kurekebisha, Siti akatulia katikati, na besi ya nyimbo nyingine ikarudi bila kugusa kitufe. Anayenunua spika za mtumba aanze na kipimo hiki, hakina gharama.

Kazi kubwa ilikuwa sabufa. Ilikaa konani, na kona huongeza besi kwa sababu kuta mbili na sakafu zinairudisha sauti. Singeli haikuifichua kasoro hiyo; muziki wa dansi ndio ulioifichua. Gitaa la besi linatembea noti kwa noti, na waya wake mnene kabisa ukipigwa wazi unatoa mtetemo wa karibu 41 Hz, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Nikiweka Msondo Ngoma, noti moja inatikisa madirisha, inayofuata haipo. Wimbi la 50 Hz lina urefu wa karibu mita 7, kwa hiyo sebule ndogo kama yetu inakuza noti fulani na kuzizima nyingine. Nikawa naisogeza sabufa kidogo kidogo, wimbo uleule ukirudiwa, mpaka noti zote zikalingana. Ikaishia katikati ya ukuta, mbali na kona.

Singeli ina shida yake: kasi. Midundo 240 kwa dakika ni minne kwa sekunde, na boksi lenye tundu huendelea kuvuma kidogo baada ya kila mdundo. Mvumo wa kwanza unaufunika wa pili. Nilisokota sifongo nikaizibia tundu. Besi ilipungua kiasi, lakini kila mdundo sasa unasikika peke yake, na mdogo wangu mwenyewe aliona tofauti papo hapo.

Kwa taarab, nilishusha hadi 80 Hz kitufe cha nyuma cha sabufa, kile kinachoweka mpaka wa juu wa sauti inazotoa. Juu ya hapo ilikuwa inaingilia udi na sauti za wanaume, na hicho ndicho kilichokuwa kinamfichia mama fidla zake. Kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarab, ilikuwa bado inachoma masikio kwa sababu ya vigae na kuta tupu. Zulia na pazia zito vimeituliza.

Kinachobadilishwa siku hizi ni kiasi cha sabufa tu. Nimeweka alama mbili za kalamu kwenye kitufe, ya chini ni ya mama.