Mgeni wa filamu za anga, kaa viti vya kati

Kama ndiyo mara yako ya kwanza kwenda sinema kuona filamu ya anga za juu, usikimbilie mstari wa mbele. Shingo itauma na picha hutaipata yote kwa mpigo. Chagua kiti cha katikati, kama theluthi mbili ya ukumbi kutoka kwenye skrini. Hapo sauti za spika zote zinakutana vizuri.

Ukipewa miwani ya 3D, ifute kwa kitambaa laini kabla taa hazijazimwa. Alama moja ya kidole chenye mafuta ya bisi inageuza nyota kuwa ukungu.

Interstellar ya 2014 ina dakika 169, kwa hiyo msalani nenda mapema! Ukitoka wakati wanaanga wanatua kwenye sayari ya maji utapotea kabisa: saa moja pale ni miaka saba duniani, kwa sababu mvutano mkubwa wa shimo jeusi (kitu cha angani ambacho hata mwanga hauponyoki) lililo karibu unapunguza mwendo wa wakati. Na chombo kikionekana kwa nje bila sauti yoyote, spika hazijaharibika. Huko hakuna hewa ya kubeba sauti. Ukimya ule ni mtamu mno, acha kutafuna kidogo uusikie.