Maji ya Moto ya Shuzenji

Ilikuwa asubuhi ya Novemba na vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi. Kutoka Mishima nilipanda treni ndogo kwa dakika 35 hivi, kisha basi, hadi Shuzenji, mji wa chemchemi katika rasi ya Izu, Japani. Katika hekalu la Kibuddha la mji nilichota maji kwa kata, nikanawa mkono wa kushoto, kisha wa kulia, nikasukutua. Yalikuwa ya moto! Yanatoka ardhini vilevile kama yale ya mabafu ya mji. Mimi niliyezoea udhu tangu utotoni nilikaribia kuendelea hadi miguuni.

Mapokeo yanasema hekalu lilianzishwa mwaka 807 na mtawa Kukai. Ukumbi mkuu wa sasa ni wa 1883. Chini ya hekalu, katikati ya Mto Katsura, ipo chemchemi ya Tokko. Kukai, wanasimulia, alimwona kijana akimwosha baba yake mgonjwa kwa maji baridi ya mto. Akamhurumia, akapiga mwamba kwa chombo chake cha ibada, maji ya moto yakabubujika.

Lakini kilichonishika ni ng'ambo ya mto. Huko kuna ukumbi mdogo wa mbao, Shigetsuden, unaotajwa kuwa jengo la mbao kongwe kuliko yote Izu. Hojo Masako aliujenga kuiombea roho ya mwanawe, Minamoto no Yoriie, shogun (mtawala wa kijeshi) wa pili wa serikali ya Kamakura. Yoriie alivuliwa madaraka, akafungiwa hapa Shuzenji, na mwaka 1204 akauawa. Mkono uliomuua unahusishwa na ukoo wa Hojo, yaani kwao mama yake. Masako alimlilia mtoto, na wanaotajwa kumuua walikuwa damu yake mwenyewe. Nilisimama mbele ya ule ukumbi nikitafuta namna ya kumwelewa mama huyo, nikashindwa. Ndani, Buddha ameshika ua la yungiyungi. Kaburi la Yoriie liko hatua chache tu pembeni. Kutoka pale mama angeweza kuliona.

Nilirudi kupitia kichaka cha mianzi bila kupiga picha hata moja.

Simulizi za mji huu zinasema Yoriie aliuawa akiwa anaoga. Usiku ule, katika bwawa la maji moto la nyumba ya wageni, nilikaa peke yangu, uso wangu nimeuelekeza mlangoni.