Siku ya Kumi na Tisa

Leo asubuhi nilikuwa Ngamiani, hapa Tanga, nikizungumza na vijana wa madukani kuhusu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004: saa za kawaida za kazi zisizozidi 45 kwa wiki, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo.

Niliporudi nyumbani, binti anayetusaidia kazi alinitengea wali na samaki wa nazi, kisha akauliza, "Pole na kazi, mama. Leo mlifundisha nini?"

Nikamweleza yote, hata zile saa nikamhesabia kwa vidole.

Alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, mikono ingali na povu la sabuni, halafu akasema taratibu, "Basi mimi leo ni siku ya kumi na tisa bila mapumziko."

Hakulalamika, alikuwa anahesabu tu, kama nilivyokuwa nahesabu mimi.

Lile povu lilimkaukia mikononi huku nikitafuta neno la kumjibu, na wali ukapoa.

Sheria ile inamhusu yeye pia, nami nilikuwa nalijua hilo tangu zamani.

Jioni tumeketi pamoja kuandika mkataba. Amechagua Jumapili, aende Muheza kumwona mama yake, na siku za mapumziko alizokosa nitamlipa.

Ndugu zangu, nanyi majumbani mwenu mmepangaje? Nielezeni, nijifunze.