Kuishi na mgonjwa wa TB kwenye vyumba viwili, Mbagala

Mdogo wangu alipogundulika ana kifua kikuu, ndugu walikimbilia vyombo. Shangazi alimletea sahani, kikombe na kijiko vyake peke yake. Mimi nilikwenda kumuuliza muuguzi wa kliniki, akaniambia: "Dada, vyombo osheni kwa sabuni kama kawaida. Huyu anaambukiza kwa hewa anayoikohoa."

Basi nikashughulika na hewa. Tumepanga vyumba viwili, kila kimoja kina dirisha moja. Watoto niliwahamishia kwangu, yeye akalala peke yake. Dirisha lake lilikuwa limezibwa na kabati, na usiku lilikuwa linafungwa kwa kuogopa vibaka wanaochomoa nguo kwa fimbo. Kabati nilihamisha, pazia zito nikalitoa nikatundika kanga. Fundi akapigilia wavu wa mbu kwenye fremu ya mbao nyuma ya nondo. Mbu haingii, fimbo haipiti. Feni iliyokuwa inampulizia yeye na kusukuma hewa mlangoni kuelekea kwa watoto tuliigeuza ikatazama dirisha, hewa ikawa inatoka nje. Asubuhi kanga inafunguliwa jua liingie, maana vimelea hivi haviwezi jua. Mchana alikaa nje chini ya mkungu, na wageni walimkuta hukohuko.

Barakoa alivaa yeye, hasa ndani ya daladala tukienda kliniki. Nilihakikisha tunakaa dirishani, na kioo kinabaki wazi hata kama abiria wananung'unika. Akikohoa nyumbani, kitambaa mdomoni au ndani ya kiwiko. Makohozi kwenye kopo lenye mfuniko, yakamwagwa chooni, mikono ikaoshwa kwa sabuni.

Lakini kinachozuia maambukizi kuliko vyote hivyo ni dawa. Mgonjwa akizimeza vizuri kwa wiki 2 hivi, na kama TB yake si sugu, yaani inasikia dawa, uwezo wa kuambukiza unashuka sana. Dozi yenyewe ni miezi 6, na hapo ndipo penye kazi. Mwanzoni alishtuka mkojo kuwa rangi ya chungwa. Tukaambiwa ni dawa tu, isimtishe. Baadaye kikohozi kikakata, mwili ukarudi, akaanza kusema amepona. Nilimjibu, "Umepata nafuu, mdogo wangu, hujapona." Nikawa sitoki kwenda gengeni mpaka nimemwona anameza, maana akiacha katikati ugonjwa unarudi, na unaweza kurudi ukiwa sugu. Tuligombana, sikatai. Hakuacha.

Watoto wote walipelekwa kuchunguzwa. Chanjo ya BCG walishapata, ila hiyo inamkinga zaidi mtoto mdogo na TB kali. Haimaanishi hawezi kuugua. Wa mwisho, ambaye hajafika miaka 5, alikutwa hana ugonjwa, akaanzishiwa dawa za kinga. Wakubwa tuliambiwa turudi mara moja tukianza kukohoa, kutoka jasho usiku au kupungua uzito.

Kipimo cha mwisho cha makohozi ya mdogo wangu kilitoka safi. Sasa mama wa chumba cha nyuma anakohoa wiki ya tatu, anakunywa maji ya tangawizi. Nimeshamwambia kesho asubuhi tunaongozana zahanati. Kupima TB kwenye vituo vya serikali ni bure, na dawa pia.