Zilizolipwa na zilizofika

Mwaka 2016 nilikuwa na daftari la biashara lenye safu mbili. Ya kushoto niliipa jina "Zilizolipwa", ya kulia "Zilizofika". Nilikuwa nauza michoro ya kukatia nguo: mteja analipa, namtumia faili kwa barua pepe, analichapisha kwake na kukata kitambaa. Wateja wa karibu walinilipa kwa simu, kwa hiyo safu zote mbili zilikwenda sawa. Akaunti ya benki sikuwa nayo, wala sikuona kama naihitaji.

Kisha akaja mteja wa Ujerumani. Alitaka michoro sita ya magauni ya watoto, akaniomba namba ya IBAN, yaani namba ya akaunti ya benki kwa mfumo wa kimataifa, na msimbo wa SWIFT, unaoitambulisha benki yenyewe. Sikuwa na hata kimoja. Nikajisajili kwenye kampuni moja ya malipo ya mtandaoni, nikampa kiungo, akalipa kwa kadi siku hiyohiyo. Nami nikamtumia faili zote sita. Usiku ule niliitazama ile namba kwenye simu mpaka kioo kikazima, nikakiwasha tena.

Nilipotaka kuitoa pesa ndipo nikakwama. Kwenye simu haikwenda, ilitaka akaunti ya benki. Nikaweka ya kaka yangu, naye aliridhia. Hapo nilikosea. Jina la mwenye akaunti ya benki lilipaswa kufanana na la aliyejisajili, na ni sharti la kuzuia utakatishaji wa fedha, nalielewa. Pesa ikazuiliwa. Nikaambiwa nitume kitambulisho, akaunti yenye jina langu, na uthibitisho wa makazi usiozidi miezi mitatu.

Nikaenda benki kufungua akaunti. Nao wakataka uthibitisho wa makazi: bili ya umeme au ya maji. Bili zote zilikuwa na jina la mama mwenye nyumba. Jambo hili linaniuma hadi leo. Mtu anafanya kazi halali, ana mteja, ana kitambulisho, lakini kwa sababu amepanga chumba anaonekana hana anapoishi.

Wakati huo mteja aliniandikia kuuliza kama nimeipata pesa yake. Niliogopa. Mwenye kadi anaweza kuyapinga malipo hata miezi kadhaa baadaye, na pesa ikarudishwa kwake. Nikamweleza ukweli wote. Akajibu kwamba gauni la kwanza ameshalikata, na mimi nisihangaike kwa ajili yake.

Niliporudi benki, karani alinisikiliza mpaka mwisho. "Dada, mkataba wa pango unao?"

Sikuwa nao. Tulikubaliana kwa mdomo tu. Jioni nikamwendea mama mwenye nyumba.

"Mama, naomba tuandikishane."

Akaacha alichokuwa akifanya. "Mwanangu, nimekukosea nini?"

Alidhani nataka kumshtaki. Nilipomweleza, alitafuta miwani yake, akanisomesha kila mstari kwa sauti, kisha akasema bado kuna kitu kimepungua. Akaniambia niandike kwamba kodi sijawahi kuichelewesha. Nikaandika. Akatia saini taratibu, kwenye nakala zote mbili, akaikagua ya pili kama mtu anayehesabu chenji.

Karani aliusoma mstari ule mara mbili. Kwenye fomu palikuwa na nafasi ya kuandika mahali pa biashara. Akaniuliza duka liko wapi, nikamwonyesha simu. Alifikiri kidogo, akaandika "mtandaoni". Kisha, nyuma ya karatasi ya kuwekea pesa, akaniandikia msimbo wa SWIFT, herufi nane, akizigawa kwa kalamu: nne za benki, mbili za nchi, mbili za mahali. Kuhusu IBAN aliniambia si kila nchi inaitumia. Mteja wa nje akiniomba, nimpe namba ya akaunti na msimbo ule.

Nilituma picha za mkataba na za akaunti mpya, nikasubiri. Siku ya kumi na tisa tangu mteja alipe, ujumbe wa benki uliingia nikiwa nimeinama juu ya meza, rula mkononi. Kiasi kilikuwa pungufu, benki za katikati ya safari zilikuwa zimekata chao. Nilifungua daftari, nikatafuta mstari wake, na kwenye safu ya kulia nikaandika kilichofika, mpaka senti ya mwisho.